Aso Mwana Aeleke Nta

Siku Shariffa alipokuja kuomba mkasi wa kumpunguza mwanawe nywele, Khulood alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, maana mwana mwenyewe alikuwa wa nta, na aliyemuunda, kuanzia ukucha wa mguu mpaka utosi, ni yeye Khulood kwa mikono yake miwili.

"Zimemshuka machoni, wifi," alisema Shariffa pale mlangoni, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. "Zinamkera akilala."

"Mchukulie na kitana basi. Na mafuta ya nazi."

"Mafuta nnayo."

Akapokea mkasi, akarudi zake nyumba ya uani. Khulood akamgeukia Hannah, mtumishi wao Mkenya aliyekuwa akikoroga sufuria ya nta, akajigusa kipaji kwa kidole kumwonesha kwamba kichwani mwa wifi yake wenyewe wamehama. Hannah hakucheka. Alikuwa akimtazama Humam, mtoto wa kweli, aliyekaa kwenye kiti chake akitafuna kijiko cha mbao. Mtoto alikuwa keshaota meno mawili, kanona, mashavu hayo, na kichwani hana hata unywele mmoja. Tangu kunyolewa akika kilikuwa kipara kile kile, kinang'aa kama kibuyu kilichopakwa samli.

"Madam," Hannah alinong'ona, "kwani wewe huoni?"

"Naona nini? Angalia sufuria hiyo isiungue."

Sasa, tangulia kujua mambo yalikotoka, maana kisa hiki ukikishika mkiani kitakuuma.

Suud, mume wa Khulood, ni mhandisi wa mafuta. Walipokuwa bado wapya kampuni ilimpeleka Meksiko, na Khulood akamfuata, hana mtoto, hana shughuli, hajui lugha. Jirani yao alikuwa kikongwe fundi wa sanamu za nta ya nyuki. Akiunda wauza matunda wenye vikapu vya matunda ya nta, maharusi wenye shela za nta, na vitoto vichanga vya kwenda kulazwa kanisani juu ya majani makavu. Ya kanisa Khulood hakuyajali, alijali ufundi, na haki ya mtu mpe, mkono alikuwa nao. Akajifunza kuianika nta juani vipande vyembamba mpaka iwe nyeupe, kuimimina katika kalibu ya plasta, kuizungusha na kuimwaga inayozidi ili sanamu ibaki wazi ndani, kuipaka tabaka jekundu kisha juu yake tabaka jembamba kama utandu, ngozi ionekane ina damu chini yake. Akajifunza kuchovya bafta ndani ya nta ili nguo ishike mikunjo isiyokunjuka. Na nywele, akajifunza kuzichomeka mojamoja kwa sindano iliyotiwa moto.

Waliporudi Muscat, akatengewa chumba katika nyumba ya mavyaa wake, mamake Suud, Bi Bakhita, huko Al Amerat nyuma ya milima. Kiyoyozi hakikuzimwa humo usiku na mchana, la sivyo watu wake wote wa nta wangezimia. Wateja wakaja kutoka kila upande, huyu anataka sura ya mwanawe akiwa mchanga, yule anataka bibi harusi wa kuweka kabatini.

Bi Bakhita hakupenda. Alikuwa mtu aliyezaliwa Unguja, kaja Oman na akili zake. "Mwanangu," akimwambia, "kuunda vitu vyenye macho kuna hesabu yake kesho. Utaambiwa: haya, vipulizie roho."

"Siku hiyo ntatafuta pumzi, mama."

Jibu gani hilo kumjibu mavyaa! Lakini ndivyo alivyokuwa Khulood, mrembo, hodari, ulimi umenolewa pande mbili.

Na Shariffa ni dada wa Suud. Aliolewa Qurayyat na Hamdan, akakaa miaka, tumbo halikushika. Hamdan akaoa mwingine, na huyo mwingine akabeba mimba kabla hina ya harusi haijafutika mikononi. Shariffa hakugombana na mtu. Akafunga nguo zake, akarudi kwa mamake, akapewa nyumba ndogo ya uani. Asubuhi kazini wizarani, mchana kulala, jioni kumwagilia mrehani wake. Kimya chake ndicho kilichomuudhi Khulood. Mtu mwenye maneno mengi hamwezi mtu asiyejibu.

Humam alipozaliwa, siku ya saba akanyolewa, nywele zikapimwa, sadaka yake ikatolewa, na Bi Bakhita akamkabidhi Khulood zile nywele ndani ya leso akazizike. Hakuzizika. Alizitazama, nyeusi, laini, nyembamba kuliko hariri, na fundi akiona kitu kizuri mkono humwasha.

Arubaini ya mtoto ilipotimia, Bi Bakhita akaalika wanawake. Nyumba ikajaa mabuibui ya fahari, halwa, mabirika ya kahawa na umbea. Shariffa alimpakata mtoto wa kaka yake muda mrefu kuliko ilivyo ada. Akamnusa shingoni, akafumba macho. Hakuna lolote hapo, mwanamke kanusa mtoto, lakini Khulood aliona kama mtu kamchovyea kidole kwenye sahani yake.

Chetezo kikaletwa. Na Muscat kila mtu anajua, udi ukishapita hakuna kukaa tena, mgeni hufukiza nguo zake akaaga. Khulood akawazuia.

"Ngojeni kidogo, mabibi. Nna zawadi ya wifi yangu."

Akaja na sanduku, akaliweka mapajani mwa Shariffa. Ndani amelala kitoto cha nta, sura ya Humam yule yule, midomo ile ile, mkunjo ule ule chini ya kidevu, macho ya kioo ya rangi ya kahawa.

"Wahenga walisema aso mwana aeleke jiwe," Khulood alisema, sauti ya kufika mpaka jikoni. "Mie nimekuonea huruma, wifi. Jiwe litakuvunja mgongo. Eleka nta! Huyu hali, hanyi, hakuamshi alfajiri, na babake hatokwenda Qurayyat kuoa."

Wanawake wakacheka. Usidhani walikuwa malaika. Walicheka, na wengine walijifunika mitandio midomoni wapate kucheka vizuri. Kisha wakamtazama Shariffa, na kicheko kikafa chenyewe.

Shariffa hakulia. Alikiinua kile kitoto, mkono mmoja matakoni, mwingine shingoni, kama wanavyobeba wanaojua kubeba, akakilaza begani.

"Nywele zake laini," alisema. "Umezitoa wapi?"

"Za Humam. Za akika."

Bi Bakhita akaangusha kikombe. "Si nilikupa ukazizike?"

"Nywele ni nywele, mama."

"Nywele za akika huzikwa, Khulood! Hazitupwi, hazichezewi. Ule ni mlango wa mtoto!"

"Basi mlango si huo, umebanwa kwenye nta. Nani atapita?"

Na jambo moja hakulisema mbele ya watu. Nta ile haikuwa ile nzuri aliyoianika juani. Kwa mzaha nani anatoa kitu kizuri? Ilikuwa bonge la nta nyeusi nyeusi alilopewa bure na Khattab, mfuga nyuki wa milima ya Qurayyat, lililotoka kwenye mzinga wa gogo la mtende ambao nyuki wameuhama zamani. Khattab alimwambia hivyo akicheka: nyuki wamehama, hakuna hata mmoja, lakini gogo bado linavuma. Khulood akaisafisha, akaipaka rangi, akamaliza.

Shariffa akachukua mwanawe akenda naye uani.

Wiki za mwanzo ilikuwa kichekesho. Akirudi kazini utamsikia akisema, "Mama karudi, baba. Ulilia?" Akimkogesha. Akimshonea fulana. Akilala naye mchana, kiyoyozi kimezimwa asije akapata mafua. Khulood akiwasimulia marafiki zake kwa simu, na sauti ya Shariffa akiigiza. Suud alimwambia mara moja, "Muache dada yangu," akajibiwa kwamba hajashikwa mtu, akawasha gari kwenda kazini. Wanaume hao.

Kisha Hannah akaja chumba cha nta siku moja, kashika kikapu cha nguo kwa ncha za vidole.

"Madam, zile nepi za Madam Shariffa."

"Nepi gani?"

"Anafua nepi. Ameanika. Ziko na doa ya njano, na sisimizi wamejaa, wamepanga laini mpaka kwa ukuta. Na hazinuki mkojo. Zinanuka asali."

"Atakuwa anazimwagia mwenyewe. Mwendawazimu hana mipaka."

"Sawa, Madam. Lakini mimi huko nyuma siendi tena."

Hapo ndipo ulipokuja mkasi. Na baada ya mkasi, Khulood aliyecheka sana akaanza kupunguza kicheko, maana Humam aliacha kulia. Mwanzo aliona raha, mtoto mtulivu, analala, anaamka, anatazama. Lakini mtoto huyu alitazama taa hapepesi macho. Alichomwa sindano ya chanjo hakustuka. Khulood akamfungua kiganja akaona ile mistari ya mkononi imefifia, mmoja umebaki nusu, kama mtu anayefuta maandishi polepole. Hospitali wakamtazama kila kiungo, wakasema mtoto mzima, moyo mzima, damu nzima.

Siku moja mchana Bi Bakhita alimchezea mjukuu wake sebuleni, akamminya shavu, "We baba we!" akamrudisha kwa mamake. Khulood akamtazama, akaona kwenye shavu kibonyeo. Alama ya kidole gumba cha bibi, imezama, ina mpaka mistari ya ngozi. Akasubiri inyanyuke. Haikunyanyuka. Akasubiri tena, jasho linamtoka, na kile kibonyeo kimetulia pale pale kama muhuri, na mtoto anamtazama tu wala haumii, na mikono ya Khulood, ambayo imefanya kazi ile miaka, ikafanya yenyewe inachokijua: ikamsogeza mtoto mdomoni, akampulizia shavu pumzi ya moto mpaka likalainika, akalipitisha bapa la kidole gumba kutoka chini kwenda juu, taratibu, bila kuacha alama, mpaka shavu la mwanawe likajaa sawasawa.

Alipomaliza ndipo akaelewa alichokifanya. Akakitia kidole mdomoni. Tamu.

Hakupiga kelele, maana nyumba nzima ilikuwa imelala usingizi wa mchana, na Al Amerat saa ile jua limesimama juu ya milima kama mtu aliyekuja kudai, hakuna ndege, hakuna gari, mbwa wenyewe wamekwenda kutafuta kivuli. Akamlaza mtoto kitandani, akatoka miguu mitupu, akapita uani juu ya vigae vinavyounguza, na alipokaribia dirisha la Shariffa akasikia mvumo. Si mvumo wa kiyoyozi, kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, ulikuwa mvumo wa kitu kingi kilichosongamana mahali padogo, unapanda unashuka, unapanda unashuka, kama pumzi ya mtu mmoja iliyogawanywa vifua elfu. Akasukuma mlango, na harufu ikampiga usoni, asali iliyoungua na nywele zilizoungua na maziwa ya mama yaliyochacha, na joto la chumba kile lilikuwa joto la kuyeyusha nta ikatiririka sakafuni, yeye fundi anajua, nta yoyote ingekuwa dimbwi, lakini kile kitoto kilikuwa kizima kifuani kwa Shariffa aliyelala fofofo, kimenona, nywele zimefika mabegani, mdomo umeshika ziwa lake la upande wa kushoto, na shavu linaingia na kutoka, linaingia na kutoka.

Macho ya kioo yakageuka. Yakapepesa.

Kikaachia ziwa. Tone la njano likaning'inia mdomoni, na kikasema, kwa sauti nyingi ndogo ndogo zinazokwenda pamoja, "Umekuja kunitazama, fundi? Wewe umeniunda ukanicheka. Huyu kaniita mwanangu. Mama yangu ni nani?"

Khulood akajua yuko chumbani kwake, amepiga magoti kando ya kitanda, na wala hakumbuki kwamba alikimbia.

Jioni ile alimweleza Bi Bakhita yote, mpaka gogo la Khattab. Bi Bakhita alisikiliza, akampiga kofi moja, zuri, lililokuwa likingoja siku nyingi, kisha wakakumbatiana wakalia. Kesho yake Suud akatumwa Sidab kumleta Bi Aliya.

Bi Aliya ni mganga, msomaji, na mtu asiye na adabu ya bure. Alishuka garini akilalamika. "Mnaishi nyuma ya majabali kama waliofukuzwa mjini. Maji ya baridi. Mtoto yuko wapi?"

Akampakata Humam. Akamsomea sikioni, mtoto hakugeuka. Akampigapiga kifuani kwa fundo la kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Ikajibu sauti ya kitu kitupu.

"Yarabi," akasema Bi Bakhita.

"Ndani mmebaki kidogo," Bi Aliya akasema kwa sauti ya chini. "Yuko kule. Twende."

Shariffa aliwapokea mlangoni, mwanawe begani, hasira hana. Bi Aliya akafukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiy, mara akanyamaza, akakiuliza kile kitoto: "We kiumbe. Umeingiaje kwa watu?"

"Sikuvunja mlango," zile sauti zikajibu, na Shariffa anakipapasa mgongoni kama mtoto anayecheua. "Nilikuwa katika nta, nimelala. Nikatiwa nywele za mtoto hai. Nikaletewa mama, akaniita mwana. Nani anaitwa mwana asiitike?"

"Toka."

"Mama akisema si mwanawe, ntatoka. Nyinyi wengine someni mpaka mate yakauke."

Bi Aliya akawatoa nje. "Kinaishi kwa kuitwa mwana," alimwambia Khulood pale uani. "Aliyekiita ndiye wa kukikana, kwa mdomo wake. Na usithubutu kukitia motoni, mtoto wako zaidi ya nusu yumo mle."

"Basi mwambie akikane!"

"Nimwambie mie? Nani alimpa?"

Hannah aliondoka siku ile ile, mfuko mmoja mkononi. "Pole, Madam. Mimi nilisema huoni." Hata buriani hakungoja.

Khulood akenda kwa Shariffa. Alibisha hodi, mara ya kwanza tangu waishi ua mmoja.

"Wifi yangu, mwanangu anakufa."

"Nami wangu mzima, alhamdulillahi."

"Kikane, Shariffa. Neno moja tu. Ntakufanyia lolote."

Shariffa alikuwa akikunja fulana ndogo ndogo. Aliikunja moja, akaipiga pasi kwa kiganja. "Ulinipa mbele ya watu," alisema. "Uniombe mbele ya watu. Wale wale."

Wakaitwa wale wale. Hakuna aliyekosa, hata yule mwenye goti bovu alikuja, umbea ni dawa ya viungo. Wakakaa ukumbini, safari hii hawakugusa halwa. Mwisho wa ukumbi amekaa Shariffa, amevaa vizuri, mwanawe mapajani amefunikwa mtandio. Bi Aliya kando na chetezo chake. Khulood akaja kwa magoti tangu mlangoni, Humam mikononi, mzito, baridi, anang'aa, macho yametazama juu.

"Nilikufanyia ubaya," alisema Khulood. "Nilikucheka. Nisamehe, wifi yangu, kwa haki ya Mungu nisamehe."

"Sema ulichosema siku ile."

"Shariffa..."

"Sema."

Khulood akasema, "Aso mwana... aeleke..." Hakucheka mtu.

Shariffa akafunua mtandio. Wengine walipiga kelele, mmoja akazimia akaachwa alivyoanguka. Kile kitoto kilikaa kimenyooka, nywele nyingi, mashavu mekundu ya damu, kimemshika Shariffa kidole.

"Nikimkana huyu," Shariffa aliuliza, na hapo ndipo sauti yake ilipotetemeka, "nabaki na nani? Mna watoto nyote mliokaa hapa. Nikimkana, jioni nakwenda kulala na nani?"

Humam akatoa mlio mdogo, kama ubao unaopasuka, na ufa ukatokea kwenye shingo yake, mwembamba, kutoka sikioni kushuka. Khulood akauona. Akili ikamruka.

"Mchukue huyu! Mchukue Humam! Awe wako, nimekupa, mwite mwanao, mie basi, aishi tu, nimekupa!"

"Khulood, nyamaza!" Bi Aliya akafoka, lakini maneno yameshatoka, na maneno hayana mkia wa kuyavutia.

"Mmesikia?" Shariffa akauliza wanawake. Wakaitikia kwa vichwa, mmoja mmoja.

Akakitazama kile kitoto mapajani. Akakipa busu kwenye paji la uso. Akasema, "Wewe si mwanangu."

Wallahi hakuna aliyekuwa ukumbini mle anayependa kulikumbuka. Kililia. Kililia kama mtoto anayelia, si kama jini, kikamnyooshea mikono, na vidole vikaanza kudondoka, kisha mikono, kisha uso ukateleza wote kwa pamoja juu ya magoti yake, kikiita mama mpaka mdomo ulipofika sakafuni, na ile nta ya moto ikamuunguza Shariffa mapaja yote mawili, naye hakuondoka wala hakukunja uso. Mvumo ukajaa ukumbi, ukapita vichwani mwa watu. Halafu kimya. Na ndani ya kimya kile, Humam akapiga chafya, akapasua kilio cha kuamsha mtaa, mwekundu, anatoka jasho, ufa hakuna, mistari imerudi viganjani!

Vigelegele vikapigwa. Khulood akamkumbatia mwanawe, akambusu, akampa ziwa. Mtoto akaligeuzia uso. Akamsukuma kwa mikono miwili, akapiga mateke, akapindisha shingo kutazama nyuma, mpaka Shariffa, na mapaja yake yaliyoungua, alipomnyooshea mikono.

"Njoo kwa mama."

Akanyamaza pale pale. Akalala begani kwake.

Bi Aliya aliokota nywele katika nta, akazizika mwenyewe. Alipokuwa anaingia garini Khulood akamng'ang'ania buibui. "Limetoka, bibi? Niambie limetoka."

"Nimelisikia likitoka kwenye nta," alisema Bi Aliya. "Sikulisikia likitoka mlangoni." Akafunga kioo. Kisha akakifungua tena kidogo. "Yule mtoto karudi kwa kuitwa. Ulimpa kwa mdomo, kaitwa kwa mdomo. Mchunge mdomo wa wifi yako."

Humam sasa anatembea. Nywele anazo, akili anayo, anakula vizuri. Analala nyumba ya uani. Chumba cha nta kimefungwa, kiyoyozi kimezimwa, na walikuwamo maharusi na wauza matunda, sijui wamekuwaje.

Juzi Khulood alichoka. Alimkuta mwanawe kibarazani amekaa miguuni kwa Shariffa, akamwita, "Humam, njoo kwa mama." Mtoto hakuinua kichwa. Akamwita tena kwa ukali, akamvuta mkono. Shariffa aliweka kikombe chini, wala hakugombana. Alimpandisha mtoto mapajani, akamgeuza, wakatazamana uso kwa uso.

"Humam," alimwambia kwa upole. "Unajua, wewe si..."

Akatulia hapo.

Mtoto naye akatulia. Mguu uliokuwa ukining'inia ukaacha kuning'inia. Kifua kikaacha kupanda. Rangi ikamshuka usoni kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, na shavu likaanza kung'aa. Khulood alianguka sakafuni kwa magoti, akamshika Shariffa miguu, akaibusu, akaibusu tena, anatikisa kichwa.

Shariffa alimwacha pale kwa muda. Aligeuza macho kutazama mrehani wake.

"...si mtoto wa kununa," akamalizia, akamtekenya mbavu, na Humam akavuta pumzi ndefu akacheka kwa nguvu.

Khulood akainuka. Akajifuta uso kwa upande wa mtandio. Akaokota kikombe, akasimama kando ya mlango wa jikoni kama anavyosimama siku zote siku hizi, mikono mbele.

"Nikupikie nini leo," akauliza, "Mama Humam?"